Resori za marehemu Théogène

Mama Adelaïde mupendwa, wewe unayejibu watu mu gazeti yetu, nakuandikia kutoka Kalembe nikiomba unisaidie kuchagua, juu mimi peke yangu nimeshindwa.

Mimi niko mwenye kamiyo, gari kubwa ya mizigo, najiendeshea na najitengenezea, na kazi yangu ni kubeba maharagwe na mihogo ya watu wa Masisi kupeleka Walikale na kurudi na mawese, na unajua barabara ile wakati wa mvua, magurudumu yamechimba mifereji mpaka katikati umebaki mugongo wa udongo, na kamiyo yangu iko chini sana, tumbo yake inakaa juu ya ule mugongo na matairi yanazunguka bure, tunakwama siku tatu, maharagwe yanaota mu mifuko. Lazima niiinue. Bukavu wanaweza kuniagizia resori mpya, zile chuma ndefu zenye kubeba gari juu ya ekseli na kuiinua, pamoja na amortiseri zake za kupunguza mitikisiko, lakini zitafika Pasaka ikishapita, na watu wa huku hawana mwingine wa kuwabebea. Njia ya pili ni resori za zamani, na hapa njo shida yangu inaanza.

Rafiki yangu Théogène alikuwa na kamiyo ya aina moja na yangu. Mwezi wa tano ilipinduka kwenye muteremko wa daraja, akafa palepale. Sasa mujane wake, Anastasie, amenitumia habari kwamba siku ya kutoa matanga vitu vya kazi ya marehemu vitagawiwa mbele ya ukoo, na resori zake ni zangu, juu tulikuwa kama ndugu. Mama, kwetu muntu akitajwa mbele ya ukoo apokee kitu cha marehemu, hakatai. Akikataa, wazee watamuuliza kati yake na marehemu kulikuwa nini, na hawatamuachilia mpaka ajibu. Chuma zenyewe nimeziangalia, hakuna hata moja iliyovunjika. Mwingine angesema ni bahati, lakini kila nikifikiri kuzifunga chini ya gari yangu naweka spana chini na kutoka nje.

Acha niseme yote, juu hunijui uso. Kamiyo ya Théogène niliiinua mimi. Alinisumbua wiki nzima nimufanyizie haraka, resori mpya hazikuwepo, basi nikafanya vile tumezoea huku, nikakata vipande viwili vya muti mugumu wa pori ya Walikale, nikaviweka kati ya resori na ekseli ya nyuma, nikafunga na vyuma virefu nilivyochomelea mwenyewe. Gari ikasimama juu, watu wakanisifu, hata Papa Evode wa Bweremana akaniomba nimufanyizie vilevile, na yake iko inatembea mpaka leo bila shida.

Siku ya ajali nilikuwa nyuma ya Théogène, nikafika mbele ya wengine. Nikaona kipande kimoja cha muti kimepasuka katikati na ekseli imehama. Watu walikuwa wanamutoa Théogène, hakuna aliyeniangalia. Nikaokota kile kipande nikakificha chini ya kiti yangu, na siku ya pili, kwenye kilio, nikakitia mu moto, na watu wakaota moto ule, na Anastasie naye akaota. Tangu siku hiyo nimefunga mudomo. Watu wote wanasema ni mvua. Anastasie anasema ni yeye, juu asubuhi ile alimuharakisha bwana wake aondoke mapema, awahi kurudi kwa ubatizo wa mutoto wao, na sasa haingii tena kanisani. Mimi namwambia ni mapenzi ya Mungu.

Basi Mama, niambie, nipokee zile za zamani ao ningojee mpya? Siku ya kutoa matanga iko karibu. Jina langu usilitaje.

Mwenye kamiyo, Kalembe, Novemba 1962

JIBU LA MAMA ADELAÏDE

Mwenye kamiyo,

Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo gazeti usiliogope.

Swali lako la resori nalijibu haraka tuachane nalo. Ngojea mpya. Chuma kilichopinduka pamoja na gari unakiangalia kwa macho tu, halafu unasema ni kizima, na juu ya mifuko yako wanakaa akina mama na watoto. Mpaka Pasaka punguza mzigo, na mvua ikizidi usiende. Maharagwe yakiota, yataota. Na kipande cha muti usikiweke tena chini ya gari la muntu yeyote.

Sasa Papa Evode. Mstari ule niliusoma mara mbili nikashika kichwa. Uliona muti umepasuka, ukauchoma kwa mikono yako, halafu miezi sita umemwacha baba wa watu anapanda na kushuka milima na muti wa namna ileile, na unaniandikia bila haya kwamba inatembea bila shida. Hili sikungojea gazeti. Nimempa dereva anayepita Minova kwenda Bweremana barua ya kumwambia asimamishe gari. Jina lako sikuliandika. Sababu utamweleza wewe, na ile miti utaitoa wewe, wiki hii.

Nakuhurumia, ndugu yangu, nisikufiche. Ulimpenda Théogène na ulimfanyia alichokuomba, kama mafundi wengi wa huko wanavyofanya. Kosa la mikono yako ningeweza kukaa nawe tukalilia pamoja. Lakini kuficha na kuchoma ulikuchagua ukiwa na akili zako zote. Na yule mama anajihukumu kila siku kwa kosa lako, ameacha hata kanisa, na wewe unakaa mbele yake unamtajia Mungu. Hapo huruma yangu inaishia.

Resori usizipokee. Wazee watakuuliza kwa nini, ndiyo, na ni haki yao. Ndiyo maana utakwenda kwa Anastasie kabla ya siku hiyo, kwa sababu mbele ya ukoo mzima utaanza kutafuta maneno mazuri. Nenda mchana, na dada yake ao katekista awepo, asibaki peke yake na habari hiyo ukishaondoka. Usibebe zawadi. Msamaha usiuombe siku ileile, maana utamlazimisha akutulize wewe wakati yeye ndiye mwenye msiba. Ukitoka hapo pita kwa chefu, mkuu wa eneo lenu, umwambie vilevile, na watakachoamua ukipokee. Sitakudanganya kwamba watakukumbatia. Unaweza kupoteza kazi, na ukoo wa Théogène wanaweza kukukataa maisha yako yote.

Ukifika mlangoni hutajua uanzie wapi. Utataka kuanza na mvua, na barabara, na jinsi marehemu alivyokusumbua umfanyizie haraka. Usianze huko. Kaa, mwangalie usoni, sema maneno haya, halafu nyamaza umwache alie:

"Mama Anastasie, si wewe. Ni mimi."