Mvinyo Wenye Subira

Mjukuu wangu Adela,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Bibi yako yuko kwenye maharage; mimi kifua kinanimaliza. Umeuliza kwa nini nilikata simu uliposifia mvinyo mwekundu wa hotelini kwenu Italia, ule unaolala pipani miaka mingi.

Wakati wa wakimbizi nilikuwa mkalimani kambini Benaco. Siku moja magari ya maji hayakuja. Akina mama wakafika ofisini na madumu matupu, wakamkuta mkuu wetu mezani na mvinyo huohuo.

Akaniambia, “Waambie aliyeutengeneza hakuwa na haraka. Nao wajifunze kusubiri.”

Nikatafsiri. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, “Hata pombe yetu, rubisi ya ndizi, ukiitelekeza inaharibika. Muulize, huyo mtengenezaji alikuwa anaukagua?”

“Kila mara!” mkuu akajibu kwa fahari. “Pipa likipungua, analijazia.”

“Basi mwambie naye atujazie madumu,” mama akasema.

Nilitafsiri neno kwa neno. Kesho yake nikafukuzwa kazi, nikamwambia bibi yako mkataba umeisha. Mwambie ukweli nikishazikwa.

Na mtengenezaji sina ugomvi. Alijua kuutunza mvinyo wake. Lakini yule aliyeinywa subira ya mwenzake, kisha akawahubiria wenye kiu, sijamsamehe, wala padri asinilazimishe.

Babu yako