Hodi ya Tatu

Mke wangu, Mama Zuhura,

Niwie radhi. Tangu arobaini yako sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyekuwa nikiwachapa watoto wa watu kwa kuchelewesha insha. Sababu ninayo, ila wewe hukupenda sababu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukibisha hodi kwenye nyumba yako mwenyewe hapa Mtoni? Umetoka sokoni, ufunguo unao, lakini husukumi mlango mpaka umebisha mara tatu. Siku moja nilikuuliza unamwogopa nani.

"Nakupa nafasi ya kuficha sukari," ulisema.

Daktari alikuwa amenikataza sukari. Nami, kwa kweli, nilikuwa nikiificha.

Mwezi uliopita alikuja Rehema, yule mwanafunzi wangu aliyekuwa hanyamazi darasani. Sasa ni mtafiti. Anachunguza jinsi ubongo unavyolingojea jambo kabla halijatokea. Aliniomba nisaidie. Nikavuliwa saa na mkanda, nikalazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, inayogonga kama mafundi bati, nikaambiwa nisiseme wala nisitikisike.

Masikioni ikaja sauti ya mwanamke. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi."

"Karibu, pita," nikajibu, nikajaribu na kuinuka. Picha zikaharibika.

"Mwalimu, tafadhali usijibu," Rehema alisema kwenye spika.

"Mtu abishe mara tatu nimnyamazie? Ataondoka akanitangaze mtaani."

"Ni rekodi tu, Mwalimu."

"Na aliyerekodiwa si mtu?"

Tulirudia mara nne. Ya nne nilijikaza, ingawa niliona haya.

Baadaye alinionyesha picha. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi hupelekewa damu zaidi, na mashine huona. Baada ya hodi mbili, ubongo wangu ulikuwa umekwisha kujiandaa kwa ya tatu. Mara nyingine waliizuia ile ya tatu kwa makusudi. Ubongo ukashtushwa na kimya chenyewe.

"Picha za mtu mmoja hazithibitishi kitu," Rehema alinionya.

Nikamwambia mimi zinanitosha. Kwani kila alasiri, jirani akipita na kikapu chake kikakwaruza ukuta kama chako, naisukuma sukari kabatini. Kisha nasubiri hodi. Kisha ndipo nakumbuka.

Zuhura anataka nihamie kwake Kimara. "Baba, utakaa peke yako mpaka lini?" Binti yetu hakukosea. Amekwisha kunitengea chumba, na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mlango wake una kengele ya umeme inayolia kama kuku aliyekanyagwa. Hakuna anayebisha hodi. Nachelea kwamba huko ubongo wangu utajifunza upesi kuwa wewe huji. Hapa bado ubongo huo unakosea kila siku, na mimi, niliyesahihisha hata mialiko ya harusi, nimeshindwa kuusahihisha.

Nitakuandikia nikishaamua. Kwa sasa sukari iko palepale, nyuma ya debe la mchele. Nadhani siku zote ulijua.

Mumeo,
Baba Zuhura