Risasi Mezani kwa Mzee Tauno

Helmi, huwezi kuamini yaliyonipata leo!

Nimemsindikiza kaka Jouko kwa mzee Tauno kuangalia bunduki ya risasi ndogo anayoiuza. Si unajua anavyohangaika kutafuta ya bei nafuu isiyokosa shabaha?

Mzee akaigeuza, mdomo wake ukanielekea tumboni. "Haina kitu, binti yangu."

Haina kitu, alisema!

Jouko akaipokea, akavuta komeo la bunduki kuhakikisha. Risasi ikaruka, ikatua kando ya kikombe changu cha kahawa.

Helmi, RISASI!

Mzee akaketi. "Miaka hamsini sijawahi kusahau risasi ndani. Ichukueni bure."

Jouko akamwambia kwa upole, "Kibali cha bunduki kikitoka nitakulipa, mzee. Na utanifundisha kulenga."

Tumemwacha akifungua droo moja moja, akitafuta risasi nyingine alizosahau.