Neema na Moto wa Bi Zuhura

Jumatano, Februari 1995

Sijui kesho nitamtazamaje Bi Zuhura wa chumba cha pili. Jioni ameleta futari kama kila siku ya Ramadhani, ingawa sisi hatufungi. Neema wangu, miaka sita, akapokea sahani akamwambia, "Bibi, mwalimu wa kanisani amesema asiyebatizwa ataenda motoni."

Bi Zuhura akacheka. "Basi tule kaimati sasa, mjukuu wangu. Huko sijui kama kuna sukari."

Mimi sikucheka.

Alipoondoka nikamwambia Neema akaombe radhi. Akakataa, akaanza kulia. Kumbe hakukusudia kumtukana. Anachelea bibi yake asije akaungua.

"Mama, mwambie Mungu amwokoe kwa lazima."

"Mungu hamlazimishi mtu."

"Mbona wewe wanilazimisha kuoga?"

Maji yalikuwa yanapoa. Nikamwogesha. Alipiga kelele, akatoka safi, akalala.

Mchungaji asema Mungu ametupa hiari. Sawa. Lakini mimi siwezi kumwacha mtoto alale na tope eti ndiyo hiari yake. Nami nachoka. Mungu, nasikia, hachoki kuwaogesha watoto wake.