Ngazi za Zabibu Zilivyong'aa

"Weka zulia, Zabibu, mtu atavunjika hapa," jirani Gulbanu alikuwa anafoka chini ya ngazi. Shosti, nimetoka huko sasa hivi, nimechoka.

Zabibu hataki zulia kwenye ngazi zake za mbao. Eti zulia linakula vumbi, mbao zinang'aa. Fundi wa zulia kamrudisha mara mbili.

Zinang'aa kwa sababu asubuhi kazipaka mafuta ya alizeti. Ya kupikia, shosti. Ya kupikia. Na mama mkwe wake anakuja kula pilau ghorofani, magoti yake unayajua.

Gulbanu akapanda ili amuonyeshe. Ngazi ya tatu tu, puu, akashuka kwa makalio. "Haya, kweli zinang'aa," akasema akiwa sakafuni.

Mara hodi mlangoni, mama mkwe huyo. Zabibu akakimbilia kufungua.

"Shikamoo mama. Karibu ndani, leo tunakula hapa hapa chini."