Galeri Chini ya Ukuta wa Mama Mujinga

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mvua kubwa ya kwanza. Ukuta wa jirani, Mama Mujinga, umepasuka juu mpaka chini. Mkono unaingia!

Nilijua kabla sijamaliza chai. Galeri yangu, njia ya chini kwa chini, inapita pale pale. Miaka tisa tangu pensheni naichimba kwa mkono, kuanzia stoo, ili malakiti, yale mawe ya kijani, na kristali zangu zikae ardhini zilikozaliwa, si kabatini kama vikombe vya wageni. Nilivuka mpaka kidogo tu. Mita mbili. Haya — tatu.

Na sikuweka nguzo. Niligonga dari kwa nyundo nikasikiliza, kama mgodini. Lakini kule ni mwamba! Hapa ni udongo wa mtaa wetu, Katuba. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 4 Novemba

Mama Mujinga kamwita Kunda, fundi aliyejenga ukuta. Makelele! Eti sima, saruji ya ukuta, aliiuza. Kunda akaapa hakuiuza, akanigeukia mimi, mstaafu wa mgodi: «Papa Casimir, weye muntu ya mine, unajua udongo. Ubaambie!»

Nikajibu, «Mwanangu, sima ni sima.» Maneno gani hayo! Watu wakatikisa vichwa, wakaona nimemhukumu. Naona aibu hata kushika kalamu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kunda kanyang'anywa kazi mbili kwingine. Ukuta ataujenga upya bure. Christiane, mke wangu, kaniwekea sahani ya bukari mezani akaondoka. Udongo wa galeri tuliumwaga pamoja, ndoo kwa ndoo. Anangoja niseme.

Nikisema, galeri wataifukia. Na mtaa mzima utajua mzee wa mine alisahau nguzo.

Jumamosi, 8 Novemba

Niko chini, daftari gotini. Nimeshuka kuokoa mawe. Kunda anachimba msingi mpya, safari hii kina kirefu. Kristali kubwa nyeupe bado sijaitoa. Nzito.

Mawe! Nawaza mawe, na kijana wa watu amesimama juu ya shimo langu! Udongo unadondoka kwenye karatasi. Aibu gani hii, Mungu wangu.

Mtaimbo umenyamaza. Namsikia Kunda: «Mama Mujinga, huku chini inalia bule, kama shimo. Iko kitu.» Mama anamwambia aendelee, asitafute visingizio.

Mgodini, ukisikia mwenzako anakuja upande wa pili, unagonga mara tatu: mtu yuko, simama. Nyundo ninayo mkononi.

Nimegonga mara mbili. Ya tatu bado.