Simu Iliyokwenda Kurina Asali

Mpendwa Kabula, mwanafunzi wangu,

Dawati lako la dirishani bado liko wazi. Hakuna anayelikalia, ingawa sijamkataza mtu.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilijirekodi nikifundisha milinganyo, nikawatumia wazazi video kwenye simu zao, ili mtazame nyumbani na darasani tufanye maswali tu. Wiki zile za mwanzo zilikuwa tamu. Mlibishana ubaoni, mimi nikizunguka kati ya madawati. Wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya daftari ulisimama ukamwambia mwenzako aliyekuwa ubaoni, "Masanja, umetupiga. Alama ya kutoa umeipeleka wapi?" Darasa zima likacheka, naye akafuta. Zamani, nilipokuwa nikizungumza peke yangu kipindi kizima, nisingeisikia sauti yako.

Kisha ukanyamaza. Mimi nikaona uvivu. Sheria ilikuwa yangu: asiyetazama somo asimame nyuma ya darasa, anakili kazi ya wenzake. Ulisimama siku nne. Siku ya tano ukasema, "Nimetazama, madam." Nikakuita ubaoni. Ukashika chaki, ukaandika tarehe, ukaishia hapo. Nikasema mbele ya wote, "Kumbe na uongo unaujua."

Jumatatu hukuja.

Nilipofika kwenu Kwihara, mama yako alinipa kigoda na maji ya kunywa. "Simu tunayo moja, mwalimu. Baba yake kaenda nayo porini kurina asali. Akienda ni mwezi." Akanitazama. "Hakukwambia?"

Hukuniambia kwa sababu sikukuuliza. Kila asubuhi niliuliza nani ametazama. Sikuuliza hata mara moja kwa simu gani.

Sasa uko Kigwa kwa shangazi yako, unauza karanga treni ikisimama. Nimekutumia salamu mara mbili. Jibu lililonifikia ni moja: "Mwambieni madam nimeshazoea."

Hapa wananisifu. Waliofaulu wamefaulu kweli, siwezi kukana. Wiki ijayo nitawaonyesha walimu wenzangu njia hii, na nitawaeleza pia habari ya tarehe ile ubaoni, bila kukutaja jina.

Nimemwomba mkuu wa shule kompyuta ya ofisini, wasio na simu watazamie hapo kabla ya kwenda nyumbani. Alikubali nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ningeomba mwezi ule, ungekuwa hapa.

Rudi, Kabula. Kama si kwangu, rudi kwenye dawati lako.

Ni mimi mwalimu wako wa hesabu, niliyekuita mwongo.